Dai la Tisa

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa steshenari ya Hokororo,
hapa Nachingwea, ng'ambo ya stendi,
chini ya bei za kopi na picha za pasipoti:
kuanzia Julai mosi, ada za hataza zinapanda.
Nililisoma nikiwa na grisi mpaka viwikoni.
"Somoe," akasema, "hili limeandikwa kwa ajili yako peke yako.
Wilaya nzima, nani mwingine ana kitu cha kuombea hataza?"

Ni chekeche tu, jamani.
Fremu ya baiskeli, pedali, nyavu tatu
na springi niliyoichomoa kwenye pikipiki iliyokufa.
Unakanyaga: kokoto zinabaki juu, vumbi linapita chini,
ufuta unatoka katikati kama bibi harusi.
Mwaka jana mnunuzi alinikata kilo nne kila gunia,
sababu: uchafu.
Mwaka huu alizamisha mkono mpaka kwenye saa,
akautoa, akautazama,
hakuwa na la kusema.

Basi tukaikalia kalenda ya chama cha ushirika,
ile yenye picha ya ghala.
Juni ina siku thelathini na haihongeki.
Mnada umepita, pesa ziko njiani,
na huku kwetu "njiani" ni mji mkubwa kuliko Lindi.
Nikizisubiri, nalipa bei mpya.
Nikiiwahi ya zamani, nakopa.
Nikaenda kwa shemeji Mchopa.
Akanipa, pungufu,
pamoja na hotuba kamili.

Pungufu kiasi gani?
Hokororo akapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Kila dai lina bei yake; nilikuwa na tisa,
pesa zinatosha manane.
Akanisomea moja moja, kwa lugha ile ya ofisi
ambamo baiskeli huitwa "chombo cha kuzungusha"
na mguu wangu "chanzo cha nguvu".
La tano, springi. Hilo sitoi hata kwa mtutu.
La sita, la saba, tukabishana, chai ikapoa.
La tisa: "mtikisiko wa pembeni, mfupi,
ukifuatwa na mrefu,
unaosogeza punje nyepesi hadi ukingoni."

Rudia, nikamwambia.
Mfupi. Mrefu.
Nikausikia: sha, shaaa.
Ungo wa mama, nyuma ya nyumba, Naipanga,
mgongo wake kwangu, makapi kwenye kope zake.
Kabla yake ungo wa bibi,
na kabla ya bibi sijui,
hakuna aliyeandika tarehe.

"Futa la tisa."
Hokororo alidhani ni ubahili.
Sikumsahihisha. Ubahili pia ulikuwemo.

Juni thelathini, saa tano usiku,
mtandao unazunguka kama pedali isiyo na mnyororo.
Mbu wamekuja wote, hata wasioalikwa.
Namba ya malipo ikaingia saa sita kasoro dakika nane;
nikalipa kwa simu ya mke wa Hokororo,
yangu ilikuwa imezima.
Malipo yamepokelewa.
Tukakaa kimya, kama watu waliomaliza kusukuma gari.

Hataza yenyewe bado. Kuna wachunguzi, kuna kusubiri.
Na wakikubali, kila mwaka kuna ada ya kuitunza,
nayo inakua mwaka hadi mwaka,
kama karo ya mtoto asiyemaliza shule.
Nimeziandika tarehe kwa chaki ukutani mwa karakana,
jirani na deni la Mchopa.
Mvua ikivuja, vyote viwili vitafutika;
nimeweka bati.

Jumapili nikampelekea mama mashine.
Alikanyaga kidogo, akainamisha sikio, akashuka.
"Upande wa kushoto inapeta vibaya," akasema,
akachukua ungo.